Vidole Vilivyofuliwa

Siku hoteli yetu ilipofungwa tulikula kwanza. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wakisimulia habari za kuachishwa kazi husema chakula hakikupita kooni. Sisi kilipita. Wali ulikuwa umeshapikwa, bosi akaona hakuna sababu ya kuumwaga, akatuketisha kwenye ukumbi wa wageni, mahali ambapo hatukuwahi kuketi hata siku moja. Akatuambia jengo limeuzwa, litavunjwa, pajengwe ghorofa la maduka. Bosi wetu ni mzee wa Kiarabu, kazaliwa hapo hapo Kariakoo, hoteli kairithi kwa baba yake. Alikuwa anaongea huku anaangalia kitambaa cha meza. Mimi nilichukua nyama mbili. Nilishaelewa kwamba kesho sitapikiwa.

Kazi yangu ilikuwa kufua. Hoteli ilikuwa jirani na Msimbazi, wageni wake wafanyabiashara wanaokuja kufunga mizigo: Wakongo, Wazambia, Wangazija. Mashine ya kufulia ilikuwepo. Ilikufa, ikatengenezwa, ikafa tena, mimi nikaendelea. Mama wa Kingazija akiondoka, foronya inabaki na manjano ya msindano, ule msuguo wa sandali wanaopaka usoni, na msindano hautoki kwa sabuni ya unga. Unatoka kwa jiki, maji ya moto na mkono. Mkongo akila kitandani, shuka lina mawese. Hilo nalo ni mkono. Nilianza kufua pale mwanangu yuko shule ya msingi, nikafukuzwa ana watoto wawili. Mume nilimwacha Rufiji na kiburi chake, nikaja mjini na changu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kodi ya chumba hakuna mtu aliyewahi kunilipia.

Nataka hili la chumba lieleweke, maana ndilo lililonipeleka kote nilikokwenda. Nilipanga kwenye nyumba ya Kiswahili, zile za korido katikati na vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Zimebaki chache sasa, zimezungukwa na maghorofa mpaka jua linaingia saa sita tu. Chumba changu kilikuwa cha mbele, kulia, dirisha linatazama mtaa. Kitanda changu, kabati langu, ufunguo wangu. Mwenye nyumba mzee alishafariki, akabaki mtoto wake, ambaye ana maduka na anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama wote. Yangu ilikuwa inakaribia kuisha. Na huyu kijana alikuwa ameshaanza kugeuza vyumba kuwa stoo za watu wa vyombo na viatu. Aliwahi kunitania mlangoni, "Mama, stoo hailalamiki choo kimejaa." Nikamwambia, "Wala stoo haidai shikamoo. Mimi nakudai yangu." Akacheka. Lakini nilijua anahesabu.

Mwanangu anaishi Chanika, anafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro. Aliposikia hoteli imefungwa akapiga simu.

"Mama, funga vitu uje. Chumba kipo."

"Chumba cha nani?"

"Chako, mama."

"Changu kiko Kariakoo."

Siyo kwamba mkwe wangu, huyo mke wa mwanangu, ni mbaya. Mkwe wangu hana ubaya wowote, na hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu. Mtu mbaya mnagombana, unachukua khanga zako unaondoka. Mtu mwema anakuletea uji, anakuuliza umelalaje, anakushika mkono kukupeleka bafuni wakati miguu unayo. Nimeona wanawake wa umri wangu waliohamia kwa wakwe. Wanaomba ruhusa ya kuwasha taa. Mimi niliapa sitafika huko nikiwa na nguvu zangu.

Kijana wa mapokezi wa hoteli ndiye aliyeniambia habari za fao. Alikuwa anakusanya funguo za vyumba zikabidhiwe, akasema, "Mama, usikae kimya. Kila mwezi ulikuwa unakatwa, inakwenda kwenye mfuko wa hifadhi. Kuna fao la kukosa ajira. Ukiachishwa, siyo ukiacha mwenyewe, wanakulipa sehemu ya mshahara miezi kadhaa huku unatafuta kazi."

Nikamwuliza, "Wananipa bure?"

"Siyo bure. Ni zako."

Hilo neno lilinikaa. Zangu. Nikapiga hesabu ya kichwani, nikaona kodi inapatikana na unga unabaki. Wiki ile ile nikavaa baibui langu la Idi, nikabeba barua ya kuachishwa kazi na kitambulisho, nikatembea kwa miguu, nikakatisha Upanga mpaka ofisi yao.

Ofisi ina baridi ya kiyoyozi na viti vya chuma vilivyounganishwa. Tuliokuwepo wengi tulikuwa tumevaa nguo za kutokea, kama watu waliokwenda kuposa. Nilipoitwa, binti wa kaunta akanipa shikamoo nzuri kabisa, akapitia karatasi zangu, akasema ziko sawa. Nikaona hawa watu wanasemwa bure. Halafu akanisogezea kimashine kidogo chenye taa ya kijani.

"Weka kidole gumba hapo, mama."

Nikaweka. Kikalia kwa ukali na taa ikawa nyekundu.

"Weka tena. Bonyeza kidogo."

Nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Mkono wa kushoto, vyote nyekundu. Akanipa kitambaa nifute. Nikafuta, nyekundu.

"Mama, umenawa mikono leo?"

"Mwanangu, mjini hapa hakuna mikono inayonawa kuliko hii."

Akaigeuza viganja juu, akainama kuitazama. Mimi nilikuwa sijawahi kuviangalia vidole vyangu namna ile. Vilikuwa vyeupe, laini, vinang'aa, kama kipande cha sabuni kilichobakia. Hakuna mstari hata mmoja.

Baba mmoja nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Hiyo mashine haina kosa. Imekuona malaika. Malaika hawana alama." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilikuwa bado naamini ni jambo la kurekebishwa pale pale.

Binti akaniambia alama zimefutika kwa dawa za kufulia. Bila kidole kukubali, kompyuta haimpeleki hatua inayofuata, hata angetaka. Akashusha sauti kama anamwambia mama yake. "Nenda ukaipumzishe mikono. Usishike sabuni, usishike jiki, usifue. Paka mafuta asubuhi na jioni. Ngozi inarudi. Njoo baada ya wiki tatu."

"Na kula nile nini hizo wiki tatu?"

"Mama, hilo mimi sina fomu yake." Hakusema kwa dharau. Alikuwa amechoka. Halafu akaongeza, "Na kumbuka, hili ni fao la asiye na kazi. Ukionekana unafanya kazi linasimama."

Sasa ona nilipofika. Tangu hoteli ifungwe nilikuwa nimepata nyumba mbili za kufulia kwenye maghorofa ya Upanga. Kwa Wahindi, watu wazuri, wanalipa siku hiyo hiyo. Ndiyo yaliyokuwa maisha yangu. Nikifua, nakula, lakini vidole havirudi na fao sipati, na bila fao chumba kimekwenda. Nisipofua, vidole vitarudi, lakini nitakuwa nimekaa na njaa navingojea kama mtu anayengojea mahindi yaote. Nilisimama nje ya ofisi ile nikiwaza, bajaji zinanipigia honi nisogee. Nikachagua chumba. Nikawapigia simu wale wa Upanga nikawaambia naumwa.

Nyumba ya watu wengi haina siri. Siku ya pili tu nimekaa kibarazani na mikono nimeiweka magotini kama mayai, wanawake wa korido wakaanza.

"Bi harusi kawekwa ndani."

"Bwana anatoka wapi?"

"Bwana ni serikali. Mahari inakuja ikishaona kidole."

Mwenye kelele zaidi alikuwa shoga yangu wa chumba kinachofuata. Asubuhi anachoma vitumbua, jioni anapamba maharusi, mikono yake kwa hina inajulikana Ilala yote. Mdomo wake mchafu lakini moyo wake hauna shida. Alinikuta nataka kuchovya khanga zangu kwenye beseni, akanipokonya.

"Toa mikono yako ya dhahabu hapo."

"Niache, nguo zangu mwenyewe."

"Kaa, shoga. Umewafulia Wakongo, leo ufuliwe wewe."

Akafua. Anafua vibaya, nasema ukweli. Hakamui, anasuuza mara moja, kola anaipita tu. Nimekaa kwenye kigoda naangalia nguo zangu zinaharibiwa na siwezi kusema neno, kwa sababu ni msaada. Sikuwahi kujua kukaa kimya kunachosha namna ile. Mchana alinipa vitumbua vilivyobaki. Siku ya kwanza nilikataa. Siku ya tatu nilivila nikiwa nimesimama, ili isionekane nimealikwa.

Chakula kilikuwa kinapungua. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi asubuhi, na mchana nalala ili saa zipite. Nikauza televisheni. Nikauza vitenge vyangu vizuri kule Mchikichini, vile nilivyopewa na wageni wa hoteli. Yule mama wa mitumba alivishika kama vitambaa vya deki, nikamwachia hivyo hivyo. Kila asubuhi nilikwenda dirishani kutazama vidole kwenye mwanga. Nilikuwa naona vijistari kama vya kuchora kwa sindano. Siku nyingine sivioni. Nikawa nawauliza watu, mnaona? Mmoja anaona, mwingine haoni.

Shoga yangu ndiye aliyekuja na wazo, na mimi ndiye niliyelikubali, kwa hiyo simlaumu. Alikuwa ametoka kumpamba bi harusi, bakuli lina hina iliyobaki.

"Lete vidole."

"Vya nini?"

"Hina inakaza ngozi. Wachezaji hawapaki miguuni isichubuke? Halafu si unaona kiganja cha bi harusi, hina ikishika kila mstari unaonekana, hata ule uliokuwa huujui. Mashine haioni kwa sababu kidole chako cheupe. Tukikipa rangi, mistari itasimama."

Nikafikiri. Ni kweli, nimeona mikono ya maharusi maisha yangu yote. Kiganja kikiwa kitupu huoni kitu; kikipakwa, unaona mpaka mistari midogo ya kwenye maungio. Mama yangu Rufiji alikuwa akipasuka visigino anapaka hina, vinapona. Hakuna kilichonionyesha kwamba tunakosea. Tulikaa uani alasiri, akanipaka ncha za vidole vyote, akazifunga kwa vipande vya mfuko wa nailoni, wenzetu wanapiga vigelegele vya mzaha. Nilikaa hivyo mpaka magharibi, shoga yangu akanilisha ugali kwa mkono wake. Tulicheka sana siku ile. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tulicheka.

Ilipofunguliwa, ncha zilikuwa nyekundu iliyokolea, karibu na nyeusi, na mistari kweli ilionekana. Niliiona kwa macho yangu. Nilikwenda ofisini nikiwa na hakika.

Binti wa kaunta alipoona vidole, uso wake ulibadilika. Hakuniambia niweke. Aliinuka akaenda ndani, akarudi na mkuu wake, bwana mrefu mwenye tai na miwani ya kusomea.

"Mama yangu, hii ni nini?"

"Hina."

"Ya nini?"

"Ya kusaidia mashine ione."

Akavua miwani. "Mama, nisikilize. Kuna watu wanakuja hapa wamebandika gundi vidoleni, wamebandika plastiki, wanataka kuchukua haki za watu wengine. Mimi sisemi wewe ni mmoja wao. Lakini kidole chenye kitu juu yake siwezi kukipokea. Nikikipokea naulizwa mimi."

"Basi mnitazame sura. Picha yangu si ipo humo?"

"Picha ipo. Kompyuta haitaki picha, inataka kidole. Nenda, iishe yote, urudi kidole kikiwa kitupu."

Nikasikia mama mmoja kwenye viti anamnong'oneza mwenzake, siyo kwa kunong'ona kweli, "Hana kazi na ana muda wa kwenda harusini." Ningekuwa yule wa zamani ningemgeukia. Nilivuta baibui nikafunika mikono, nikatoka.

Hina kwenye ngozi ya kiganja haiishi upesi, na kwenye ncha ya kidole ndiyo inakaa kabisa. Kila mwanamke wa pwani anajua, na mimi nilijua, ila nilikuwa sijakumbuka kulifikiria. Na kodi ilikuwa imebaki siku za kuhesabika. Nilifika nyumbani nikamimina jiki kwenye beseni. Jiki inatoa hina, hilo nina hakika nalo kuliko jina langu. Nikachovya mikono yote miwili, nikachukua kipande cha jiwe la kusugulia miguu, nikaanza. Ikaanza kutoka kweli, maji yakawa rangi ya chai. Halafu nikasimama. Nikaona ninachofanya. Ninachotoa siyo hina peke yake, natoa na ile ngozi niliyoilalia njaa wiki tatu ije. Nikatoa mikono ndani ya beseni nikabaki nimeinyoosha mbele, inadondosha maji, sijui niirudishe au niifute.

Nililia pale. Siyo kwa sauti. Sina tabia hiyo, hata nilipomzika mama sikuifanya mbele za watu. Lakini siku ile nililia mpaka pua ikaziba, na shoga yangu alisimama mlangoni kwake akaangalia, akarudi ndani, akafunga mlango polepole. Namshukuru kwa ule mlango.

Niliiacha hina iishe yenyewe. Kodi ikaisha kabla yake.

Mtoto wa mwenye nyumba alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, na hilo nalo nalishukuru. Akasimama kwenye korido, hakuingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimekuongezea wiki mbili bila kukuambia. Mtu wa viatu ananisumbua, anataka chumba cha mbele kwa sababu ya dirisha, ashushie mizigo."

"Fao langu linakuja. Kuna tatizo la mashine tu."

"Linakuja lini?"

Nimefua mashuka ya watu miaka yote ile, nimelea mtoto peke yangu, na mtu aliyekuwa mtoto ananiamkia, anaokota vizibo korido hii, leo ananiuliza swali moja dogo sina jibu lake. Nikamwambia, "Nipe mpaka Ijumaa." Yeye akasema sawa. Ijumaa niliitaja tu, haikuwa na kitu ndani yake.

Siku iliyofuata nikarudi ofisini. Vidole vilikuwa rangi ya machungwa iliyofifia. Yule mkuu akanifuta mwenyewe kwa pamba na spiriti, akaweka kidole changu kwenye mashine kwa mkono wake. Nyekundu. Vyote kumi. Akasema, "Basi tumefika mwisho wa mashine. Kuna njia nyingine. Mwajiri wako aje mwenyewe, aweke kidole chake, aseme mbele yetu kwamba wewe ndiye."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza.

"Utaratibu, mama. Njia hiyo ni ya mwisho, mashine ikishindwa kabisa."

"Ilishindwa siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ilishindwa. Leo ndiyo imeshindwa kabisa."

Naandika maneno yake kama alivyoyasema.

Bosi nilikuwa sijamwona tangu siku ya wali. Nilijua anakaa Upanga kwa binti yake, kwa sababu wakati mwingine mashuka ya nyumbani kwao nilikuwa naletewa mimi. Nilipanda ngazi nikabisha. Binti yake akafungua, akanitambua, akasema, "Mama, karibu, lakini baba hali yake siyo." Sukari ilikuwa imemla mguu, umekatwa chini ya goti. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, msuli kiunoni, redio haijawashwa. Sikujua. Hakuna aliyetuambia.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Nilitaka kumwambia umeuza hoteli umetuacha juani. Nikamkuta hivyo. Nikamweleza shida yangu kwa ufupi, ya vidole na ya chumba.

Binti yake akasema, "Hawezi kushuka ngazi, mama. Labda waje wao."

"Hawaji," nikasema.

Bosi akamwambia binti yake, "Nipe kanzu."

"Baba."

"Nipe kanzu. Nimekuwa mzigo humu ndani, leo nina shughuli."

Walimshusha vijana wawili wa duka la chini wakiwa wamembeba na kiti chake, tukapanda bajaji. Njiani alikuwa anashangaa mitaa kama mgeni. Ofisini walitupisha mbele. Yule mkuu akamwamkia, akamsogezea mashine. Bosi akaweka kidole gumba mara moja, bila kufuta, bila kubonyeza. Taa ikawa ya kijani hapo hapo. Niliangalia ile taa. Sikumwonea wivu mtu aliyekatwa mguu, ila niliiangalia.

"Mzee, unamtambua huyu mama?"

"Huyu? Huyu alinitukana mbele ya wageni kutoka Lubumbashi."

Yule bwana akashtuka. "Kwa nini?"

"Nilimletea sabuni ya bei rahisi. Akaja nayo mpaka mapokezi, akaimimina juu ya meza yangu, akaniuliza hii nifulie au nipikie." Akanigeukia. "Si ndivyo?"

"Ndivyo, bosi."

"Ndiye huyu. Andika."

Wakaandika. Nikaambiwa sasa maombi yanapita, yanakwenda kuhakikiwa makao makuu, nisubiri ujumbe kwenye simu. Nikauliza yatafika kabla ya Ijumaa? Binti wa kaunta akaangalia pembeni. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa mwanangu alikuja na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Hakusema nilikuambia. Alipakia kitanda na godoro. Kabati lilikataa kupita mlangoni, sijui liliingiaje zamani, likabaki, mtu wa viatu akasema atalinunua, na alinunua kwa bei aliyotaka yeye. Shoga yangu alikuwa hajachoma vitumbua siku ile. Alisimama kibarazani na mikono kiunoni akawagombeza wapakiaji, shikeni vizuri, hamwoni kioo hicho, mpaka sauti ikamkauka. Kuniaga hakuniaga. Ufunguo nilimkabidhi yule mtoto wa mwenye nyumba mkononi, na yeye akaupokea kwa mikono miwili kama tunavyofundishana. Kabla gari halijaondoka, maboksi ya viatu yalikuwa yameshaanza kuingia kupitia dirisha langu.

Ujumbe wa fao ulikuja nikiwa Chanika, nimekaa kwenye mkeka, napuliza uji wa mjukuu. Simu ikalia, nikamwomba mkwe asome kwa sababu miwani sikuwa nayo. Akasoma, akafurahi kuliko mimi. Nikamwambia achukue hizo pesa ziingie kwenye chakula, akakataa. Nikasema basi nitanunua gunia la mchele na sitaki kusikia neno, na mchele nilinunua.

Watu waliniambia, si umeona, mwisho zimekuja. Ndiyo, zimekuja. Kila mwezi zinaingia, na zitaingia mpaka miezi yake iishe. Sisemi sikupewa. Nasema zilikuja kwa mtu ambaye ameshafanya lile alilokuwa anaziomba ili asilifanye.

Na mkwe wangu ni kama nilivyojua atakuwa. Anachota maji kabla sijaamka. Nikigusa beseni analichukua, "Mama pumzika, umefua vya kutosha." Chumba nilichopewa wanakiita chumba cha mama. Kina dirisha, kina kitanda changu. Usiku wa kwanza niliona kwenye ukuta, chini, michoro ya kalamu ya rangi, gari na jua na kuku. Ndiyo nikaelewa wajukuu wangu walikuwa wanalala hapa. Sasa wanalala sebuleni, godoro linatandikwa wageni wakiondoka, linakunjwa kabla baba yao hajarudi kutoka zamu ya usiku. Hakuna aliyeniambia. Wadogo wale wamefundishwa wasiniambie.

Wiki iliyopita nilitoka asubuhi nikasema nakwenda kumsalimia shoga yangu. Nilikwenda kwa dalali. Anakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya banda la kuchajia simu, nyuma ya soko la Mchikichini, anatafutia watu vyumba. Kwanza unamlipa pesa ya kuzungushwa, upate usipate. Nikamlipa. Nikamwambia nataka chumba kimoja, popote kuanzia hapo mpaka Kariakoo, hata cha uani, hata karibu na choo.

"Mko wangapi, mama?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Umeona mwingine hapa?"

Akacheka kidogo, akajikuna shingo. "Unafanya shughuli gani?"

Fao limebakiza miezi michache, na nilikumbuka nilivyoambiwa, ukionekana unafanya kazi linasimama. Nikamwambia, "Nafua."

Akaandika kwenye simu yake. Halafu akasema, na naona alitafuta namna ya kulainisha akaikosa, "Mama, usinielewe vibaya. Wenye nyumba siku hizi mtu mzima akiwa peke yake wanamwogopa. Siyo kodi. Wanaogopa siku wakiamka, yeye amelala moja kwa moja, wafanye nini. Wanataka namba ya mtu wa kumpigia."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ningekuwa na nyumba na mimi ningeuliza.

Nikamtajia namba ya mkwe wangu. Mwanangu akiwa kiwandani hapokei simu.